Hedifoni Zilizomficha Binti Yangu

Mke wangu anasema aliniambia. Mimi kwa miaka miwili nilisema hakuniambia, na nyumba yetu hapa Bariadi ikaishi katikati ya maneno hayo mawili.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yangu mzazi alikuwa nyumbani kwetu Kasoli, anaumwa. Siku zile mimi nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, msimu umekolea, na simu yangu ilikuwa haina kazi mchana kutwa kwa sababu mle ndani hakuna binadamu anayesikia simu. Kwa hiyo mama alimpigia mke wangu, akamwagiza aniambie niende anione. Siku ya tatu akafariki. Kasoli si mbali. Ningepanda pikipiki asubuhi, chai ya saa nne ningeinywa kitandani kwake. Nilifika nikakuta amefunikwa shuka, na shangazi yangu ananiuliza mbele ya watu, "Kwani hukuambiwa kwamba anakuita?" Nikamgeukia mke wangu. Akasema, "Nilimwambia." Nikasema, "Hukuniambia." Basi, tukazika.

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sijifichi. Ukikulia kwenye pamba utaacha vipi kushuku? Nimeona gunia ambalo juu ni jeupe la kupendeza, ukizamisha mkono unakutana na mchanga, na chini ya mchanga unakutana na maji yaliyomwagwa kusudi lipate uzito. Nimeona pia mizani iliyolala upande wa mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe anakuchekea na kukuuliza habari za watoto. Tangu hapo mtu akinichekea sana, mkono wangu unawasha, unataka kuzama uone chini kuna nini.

Basi nikamshuku na mke wangu. Nilijua yeye na mama waliwahi kukwaruzana kuhusu shamba la mpunga, nikajumlisha, nikapata jibu: alinyamaza kusudi. Sikumtamkia hivyo moja kwa moja, lakini mke hahitaji kutamkiwa. Halafu mambo yakaanza kufuatana. Mchungaji aliniulizia, sikuambiwa. Fundi wa paa alikuja akaondoka, sikuambiwa. Kila mara yeye ananijibu, "Nilikuambia, baba," kwanza kwa upole, baadaye kwa ukali, mwisho kwa sauti ya mtu aliyechoka. Ikafika mahali akaacha kuniambia kitu chochote, na mimi nikasema moyoni, umeona, sasa anaficha waziwazi.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya msimu wa pamba kufunguliwa, alikuja akasimama mbele yangu, akanitazama machoni. "Msimu ukifunguliwa mimi nakwenda Malampaka kwa kaka yangu," akasema. "Nimechoka kuitwa mwongo ndani ya nyumba niliyobeba matofali yake kichwani." Hilo nililisikia lote, neno kwa neno. Nilimjibu kwamba njia anaijua. Jamani, mdomo wangu huu! Nilitoka nje nikaenda kusafisha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Lazima niseme kidogo kuhusu kiwandani, maana mengine yote yanatoka huko. Nilisimama kwenye mashine misimu kumi na tisa, upande uleule, sikio la kushoto kwenye rola na mkono wa kulia kwenye wenzo. Fundi wa mashine za pamba hatibu kwa macho, anatibu kwa sikio. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa, nasikiliza kwa sikio la kushoto, nasema beringi ya tatu inakufa. Wakifungua wanakuta ya tatu kweli, haina hata grisi. Watu walikuwa wananifuata kutoka viwanda vingine kwa sababu ya sikio hilo. Ungenitukana ningekusamehe, lakini usingenitukania sikio langu la kushoto.

Na mle ndani hakuna kuongea. Mtu akifungua mdomo unaona meno tu. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: mwenzako akikusemesha, unatikisa kichwa kama unakubali na kuinua dole gumba, kazi inaendelea. Hukusikia, na yeye anajua hukusikia, lakini ukisimama kumuuliza alisema nini, pamba inajazana na mashine inakaba. Ukishafanya hivyo misimu kumi na tisa, kichwa kinajitikisa chenyewe.

Baada ya msiba niliacha kuajiriwa. Sasa nazunguka mwenyewe kabla ya msimu, natengeneza mashine na mizani, leo Malampaka, kesho Nyashimo, keshokutwa huko Kasoli ambako napita karibu na kaburi na kuinamisha uso. Safari ni nyingi, na barabarani mtu ukikaa bila la kusikiliza unabaki na mawazo yako. Mawazo yangu wakati ule hayakuwa ya kukaa nayo.

Ndipo binti yetu, yuko chuoni Mwanza, akanitumia wimbo kwenye simu. Kwaya yao ya chuo ilikuwa imerekodi. Akaniandikia: "Baba, ubeti wa pili naanzisha mimi." Sikutaka kuusikiliza mbele ya mke wangu, kwa sababu tulikuwa hatuongei na ningelazimika kumwonyesha furaha. Nikasema nitausikiliza njiani, peke yangu, kwa heshima yake. Ndiyo sababu nilikwenda kutafuta hedifoni, kitu ambacho maishani mwangu sikuwahi kukinunua.

Za kwanza nilinunua Nyashimo, pale magari ya Mwanza na Musoma yanaposimama na wauza vitu wanakuja dirishani. Zilikuwa zile ndogo za waya, za kuchomeka masikioni. Nilivuta waya, nikanusa plastiki, nikaangalia zilivyoandikwa, ya kushoto na ya kulia. Mimi ni fundi. Kifaa kikiandikwa kushoto kinakwenda kushoto, hakuna mjadala. Nikachomeka, nikaupiga wimbo.

Vijana waliimba vizuri. Sauti nzito zilikuwa zimejaa, kinanda kinapita nyuma. Ubeti wa pili ukafika, na hakuna kitu. Kinanda tu, halafu kama mtu anayeimba nyumba ya tatu, halafu vijana wakarudi. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, na tena. Binti yangu hakuwemo.

Nikampigia. "Sijakusikia," nikamwambia.

"Baba, nimeimba. Ubeti wa pili."

"Nimesikiliza mara tatu. Humo."

Akasema, taratibu, "Kwa hiyo na mimi sasa ni mwongo kama mama?"

Neno hilo lilinichoma. Nilikata simu bila kuaga, nikachomoa hedifoni, nikaupiga wimbo kwa spika ya simu yenyewe. Ubeti wa pili ukafika, na binti yangu huyu hapa! Sauti yake ileile ya kuniitia chakula, nyembamba na safi, inapanda juu ya kinanda. Nilikaa kwenye kiti cha gari na abiria mwenzangu ananiangalia machozi yananitoka. Halafu machozi yakakauka, hasira ikaingia. Nikajua nimeuziwa feki. Zile hedifoni zilikuwa zinatoa wimbo nusu, na nusu nyingine zinaimeza.

Nikamwandikia binti nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba kosa ni la kifaa. Akanijibu kwa alama ya kucheka, lakini si sana.

Za pili nilinunua sokoni hapahapa Bariadi, kwa mwanaume mwenye meza ya chaja na betri. Safari hii nilikuwa macho. Nilimwambia sitaki bei, nataka nijaribu. Hizi zilikuwa hazina waya, unazichaji kwenye kijisanduku chake. Nikavaa, nikapiga wimbo, binti akapotea tena. Nikamwambia mwenye meza, hizi nazo feki. Akacheka, akasema orijino, mzee, orijino kabisa. Mara mbili! Nikamwachia hedifoni zake mezani nikaondoka. Njiani nikawaza: huyu wa Nyashimo na huyu wa Bariadi wananunua mzigo sehemu moja, lazima, na mzigo wote umeoza. Nilifika mahali, Mungu anisamehe, nikamshuku mke wangu kwamba amechezea simu yangu wakati naoga.

Nyumbani alikuwa ameanza kukunja nguo. Begi lake la buluu lilikuwa juu ya kiti sebuleni, mdomo wazi, na kila nikipita naona limeongezeka kitenge kimoja. Wiki ya kufungua msimu ilikuwa imeshatangazwa.

Za tatu ndizo hizi ninazotaka kuzisimulia.

Karibu na stendi kuna duka dogo la mama mmoja, mume wake ni mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Nilikuwa sijawahi kuingia kwake. Sababu ilikuwa Kiswahili chake. Sisi Wasukuma Kiswahili tunakisema kama tunavyolima, mstari mmoja mpaka mwisho wa shamba. Yeye chake kimetiwa sukari na hiliki, na mimi mtu akinitilia sukari nisiyoomba najiuliza anaficha ladha gani.

"Shikamoo, baba. Karibu ndani, hilo jua la nje si la kusimama."

"Marahaba," nikajibu nikiwa bado mlangoni. "Una hedifoni?"

"Za nini, baba? Za kupokelea simu, za muziki, au za safari?"

Swali zuri mno. Nikaingia, lakini mguu mmoja nikauacha karibu na mlango.

Akatoa za aina tatu akazipanga. Akasema hizi ndogo ni nyepesi, lakini gari likirukaruka zinadondoka na kelele za injini zinaingia. Hizi zisizo na waya ni nzuri kwa mtu asiyesahau kuchaji. Hizi kubwa za kufunika masikio yote, zina waya, zinazuia kelele ya gari kidogo, ila kwa joto letu zitakutoa jasho, kwa hiyo ufute sifongo zake na kitambaa. "Na waya wa hedifoni hufia shingoni, hapa unapochomeka," akanionyesha. "Ndiyo maana nikakuchagulia ambayo hapa ni nene."

"Orijino?" nikauliza, nikimtegea.

"Sio orijino, baba. Hizo huwezi kuzikuta duka la saizi hii. Hizi ni za kawaida, bei yake ni ya kawaida, ila zinadumu."

Hapo ndipo nikaogopa kweli. Muuzaji anakuambia mwenyewe kwamba si orijino! Nilisimama nikamtazama. Mtu kama huyu kwenye pamba sijawahi kumwona. Nikasema moyoni, huyu ni hatari kuliko wale wawili, maana huyu amejifunza mpaka kusema ukweli.

Nikachukua zile kubwa. Nikaangalia maandishi, kushoto kushoto, kulia kulia, nikavaa, nikapiga wimbo. Ndani ya duka walikuwa wameingia wanawake wawili, wateja wake, wanachagua kava za simu. Vijana wakaimba. Kinanda. Ubeti wa pili.

Hakuna kitu.

Sijui nieleze vipi hasira iliyonipanda. Haikuwa ya hedifoni tena. Ilikuwa ya gunia la mchanga, ya mizani, ya mama aliyefunikwa shuka, ya begi la buluu. Nilizivua nikazitupa juu ya meza ya kioo. "Nyie wote wezi!" nikafoka. "Mnaleta takataka kutoka mnakokujua, mnatuuzia sisi kwa sababu mnadhani Wasukuma hatujui kusikiliza! Mimi nimesikiliza mashine miaka yote, mimi! Sauti ya mtoto wangu mnaipeleka wapi?"

Wale wanawake wawili waliweka kava chini, wakatoka. Mama wa duka alibaki ameshika ncha ya mtandio wake. Sasa nategemea anitukane, nijue nimemfikia. Hakunitukana.

"Mtoto wako yupi, baba?" akauliza.

"Anaanzisha ubeti wa pili. Hayupo!"

Akazivaa yeye. Akanyoosha mkono, nikampa simu, akaupiga wimbo toka mwanzo. Nilimtazama usoni kama ninavyotazama sindano ya mizani. Alisikiliza, akawa anatingisha kichwa taratibu. Ubeti wa pili ulipofika akafumba macho.

"Mashallah," akasema. "Ana sauti, huyu. Wamewarekodi wasichana upande huu, wavulana upande huu. Yeye yuko huku," na akagusa sikio lake la kushoto.

"Unanidanganya."

"Basi zigeuze."

"Zimeandikwa. Hii ni ya kushoto."

"Baba," akasema, na sukari yote ilikuwa imetoka kwenye sauti yake, "zigeuze."

Nikazigeuza. Ya kushoto nikaiweka kulia, ya kulia kushoto. Nilijiona kama mtu anayevaa viatu kinyume. Akapiga wimbo. Na wavulana wakapotea. Wale vijana wenye sauti nzito niliokuwa nimewasikia siku zote, hawakuwepo, na badala yao wakaja wasichana ambao sikuwahi kuwasikia, wengi, na kwenye ubeti wa pili akaja binti yangu, karibu kabisa, nasikia mpaka anavyovuta pumzi.

Nikazivua. Nikazigeuza tena, wavulana wakarudi, binti akaondoka. Nikageuza tena. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi.

Mama wa duka akatoka nyuma ya meza. Ukutani kulikuwa na kioo cha kujitazamia. Akasimama nyuma yangu akaleta vidole vyake karibu na sikio langu la kulia, akavisugua. Nilisikia, kama mtu anayekunja karatasi. Halafu nikamwona kwenye kioo anapeleka mkono kushoto. Vidole vinasuguana, naviona. Vinasuguana tena, na tena, karibu kabisa na ngozi yangu. Nilikuwa natazama vidole vya mtu vikifanya kazi kimya kimya kwenye sikio lililonilisha.

"Mimi nauza hedifoni, baba," akasema. "Sikio siuzi. Nenda hospitali wakuangalie."

Nilimwomba radhi. Nilimwomba mara mbili, na nikazinunua, lakini wale wanawake wawili walikuwa wameshafika mbali na neno langu la wezi, na radhi yangu hawakuisikia. Hilo bado linanikera. Mpaka leo mtu akiniuliza hedifoni zinauzwa wapi namshika mkono nampeleka mpaka mlangoni kwake.

Nilitoka nikiwa nimezibeba ndani ya mfuko, nikaacha pikipiki palepale dukani. Naogopa kusema nilivyokuwa nawaza, lakini nitasema. Nilikuwa nahesabu mahali. Kitandani mke wangu analala kushoto kwangu. Kanisani anakaa kushoto kwangu. Mezani kiti chake kiko kushoto, karibu na mlango wa jikoni, kiko hapo tangu tuoane. Simu mimi naiweka sikio la kulia, nilidhani ni mazoea. Pikipiki zinazonitokea ghafla barabarani nilidhani vijana wa siku hizi hawapigi honi. Watu wanaonong'ona nilidhani wananiteta. Miguu yangu ikaanza kwenda haraka.

Nilimkuta barazani, ameketi kwenye kigoda na ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe. Kupitia mlangoni niliona begi la buluu limefungwa zipu. Nikavuta kiti, badala ya kukaa upande wangu wa kawaida nikazunguka nikakaa kule kwingine, yeye awe kulia kwangu.

"Mbona umekaa huko?" akauliza bila kuinua macho.

"Siku ile uliyoniambia kuhusu mama."

Vidole vyake vikasimama kwenye mchele. "Kumbe leo unakubali nilikuambia?"

"Nataka unionyeshe. Ulikuwa umesimama wapi?"

Alinitazama muda mrefu, anatafuta mtego uko wapi. Nilimfundisha mwenyewe kunitazama hivyo. Halafu akaweka ungo chini, akainuka, akaingia sebuleni, nikamfuata.

"Ulikuwa umekaa hapa," akasema, akaniketisha kwenye kochi, "unafunga kamba za buti. Mimi nimetoka jikoni na ndoo. Nikasimama hapa." Akasimama. Ilikuwa kushoto kwangu, hatua moja. "Nikakuambia mayu, mama yako, anakuita Kasoli, uende leo. Na wewe ukatikisa kichwa."

"Nilitikisa kichwa?"

"Ukatikisa. Ukainua na dole gumba, hivi." Akaniinulia dole gumba, lilelile la kiwandani. "Nikasubiri uelekee Kasoli. Ukaelekea kiwandani. Kesho yake nikakuambia tena, mezani, ukatikisa tena. Nikasema, kumbe huyu mtu amemkataa mama yake. Halafu msibani, mbele ya ukoo, ukanigeuzia mimi." Sauti yake ikaanza kukatika. "Miaka miwili nalala pembeni ya mtu aliyemkataa mama yake akanisingizia. Nikijiuliza, nikiumwa mimi, huyu atakuja?"

Sikuwahi kuwaza kwamba naye ananishuku. Kwa miaka miwili nilijiona mshukuji peke yangu ndani ya nyumba ile. Kumbe alikuwa na kesi yake dhidi yangu, na ushahidi wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, kwa sababu aliona kwa macho nikikubali.

Nikamweleza. Duka, wimbo, kioo, vidole. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, naruka mbele. Alipoelewa hakulia wala hakunikumbatia. Alikunja uso, akasema, "Tazama ukutani." Nikatazama ukutani. Pakapita kimya. Halafu akazunguka akaja upande wa kulia.

"Umesikia nilichosema?"

"Hujasema kitu."

"Nimekuita mpumbavu mara tatu," akasema. "Na ya tatu nimepaza." Akacheka, halafu kile kicheko kikageuka, akakaa kwenye kochi akafunika uso na kitenge. Mimi nikalia pia. Nasema waziwazi, nililia kama mtoto, na sikuwa na haja ya kushuku machozi ya mtu yeyote.

Baadaye nilimvalisha hedifoni, nikampigia wimbo wa binti. Alisikiliza kwa masikio yote mawili, wavulana na wasichana kwa pamoja, kitu ambacho mimi sitakipata tena. Hospitali baadaye walisema mengi, ila kwa kifupi ni kelele: la kulia nalo limepungua, na lile la kushoto lililokwenda halirudi.

"Malampaka nitakwenda," akaniambia alipozivua. "Kaka nimeshamwambia nakuja, ameshanunua na nyama. Nitakaa siku nne."

"Halafu?"

"Halafu narudi kwangu. Unadhani matofali yale nilimbebea nani?"

Nikamwomba kitu kimoja kabla hajaenda kumalizia mchele wake. Nilimwomba aniambie tena. Si kwa kifupi, nikamwambia, maneno yenyewe, kama mama alivyoyasema kwenye simu. Akasogea, akaweka mdomo karibu na sikio langu la kulia, na kwa mara ya kwanza nikasikia.

"Alisema, 'Mayu,' ndivyo alivyoniita na mimi, 'mwambie mwanangu aje. Asilete kitu. Nimemwekea michembe ya viazi kwenye kapu, nataka nimwone akila.'"

Kichwa changu kikaanza kujitikisa chenyewe, kama kiwandani. Nikakishika kwa mikono miwili, kikatulia. Nikafungua mdomo, nikajibu kwa sauti, mbele ya mke wangu, "Nimesikia, mayu. Nakuja."